Nafsi ya Tatu

Mhariri ameniandikia kutoka Mombasa, kwa adabu:
Hadithi yako tumeipenda. Tupe wasifu mfupi,
maneno hamsini, kwa nafsi ya tatu.

Nafsi ya tatu.
Mimi hizi mbili tu zimenishinda:
moja inaandika risiti Ruwi, duka la vipuri vya viyoyozi,
kwa Kiarabu cha haraka haraka;
nyingine inarudi Al-Khoudh magharibi
inavua viatu, na Kiarabu, mlangoni.
Ya tatu nitaitoa wapi, na Julai hii
hata kivuli kimeomba ruhusa?

Nilianza hivi: Rayya Humud ni mwandishi mashuhuri.
Nikafuta mashuhuri.
Rayya Humud ni mwandishi.
Nikatazama mlango, kama aliyevaa nguo ya kuazima
na mwenyewe yuko ngazini anapanda.
Nikafuta. Ikabaki Rayya Humud ni,
na kielekezi kinawaka, kinazima, kinawaka,
kama mteja anayesubiri chenji.

Tuzo: hakuna.
Vitabu: hakuna.
Shahada: uhasibu, nusu yake;
baba aliugua, nikarudi nyumbani.
Machapisho: shairi moja, jarida la wanafunzi
lililotoka mara mbili likafa.
Wakaniandika Raya, kwa y moja,
kwa hiyo hata hilo, ukitaka ugomvi, si langu.

Basi toa ankara, nikajiambia, si ndiyo kazi yako?
Nikatoa ankara.
Barua tatu kwenda ubalozini, za Kadzo wa Kilifi,
yaya wa jirani, aliyezuiliwa pasi yake.
Ya tatu ilijibiwa.
Tanzia kumi na moja kwenye kundi la ukoo,
maana wengine mikono huwatetemeka,
na mimi najua kumsifu maiti bila kumwongopea.
Kadi ya harusi ya Thuwaiba, Kiarabu upande huu, Kiswahili ule;
watoto walisoma huu,
mabibi wakageuza, wakalia.
Karatasi ya dawa za mama, juu ya jokofu:
hiki cheupe ni cha asubuhi, usibishane.

Biju, mwenzangu wa kaunta, mtu wa Kerala,
akauliza nahesabu nini.
Maneno, nikamwambia. Yasizidi hamsini.
Akaikodolea macho skrini asiyoweza kuisoma.
Wanakulipa?
Nakala mbili za kitabu.
Basi waandikie ishirini na tano.

Jioni nikamuuliza mama: ukiambiwa unitambulishe, utasemaje?
Alikuwa anachambua choroko.
Aliondoka Wete na miaka tisa na mdomo uliojaa maneno;
hapa hakuna mwalimu aliyemwomba hata moja,
akayamwaga yote jikoni.
Mimi niliyaokotea hapo. Kiswahili changu
mpaka leo kina harufu ya vitunguu.
Sema mtoto wa Bi Zamzam, akajibu. Wanaojua watajua.
Na wasiojua, mama?
Akatoa kijiwe, akakitupa kwenye sahani.
Si watasoma hiyo hadithi? Uliiandika ya nini?

Sasa usiku. Kiyoyozi kinadondoka kwenye ndoo
(vipuri nauza, changu hakijatengenezwa)
nami nimeandika:

Rayya Humud ni mkaazi wa Al-Khoudh, Oman.
Huandika risiti mchana.
Kiswahili alikisoma jikoni, kwa mama yake, Bi Zamzam wa Wete.
Ameandika barua, tanzia na maelezo ya dawa;
vyote vilisomwa hadi mwisho.
Hii ni hadithi yake ya kwanza kutoka na jina lake kamili, y mbili.

Nimehesabu kwa kidole, kama noti.
Yamebaki maneno sita.
Nafikiri niyaweke wapi, niongeze sifa gani,
na mama anaita kutoka chumbani:
Hiki cheupe ndicho cha usiku, Rayya?